Jina Lisilotajwa Nyumbani

Tangu baba yake alipofariki kwa ajali ya pikipiki kwenye mteremko wa Rhotia, Nareyu nyumbani alikuwa haongei. Ukimuuliza hili, "Ndiyo." Ukimuuliza lile, "Hapana." Lakini shuleni, wee! Mdomo haufungwi. Hayo mama yake, Resiato, aliyasikia kwa majirani, na yalimkata maini.

Na anaongea na nani? Na Mwalimu Scholastika, aliyetoka Kilimanjaro juzi tu, hata kumbeba huyo mtoto mgongoni hajawahi. Eti kaenda semina ya watoto walioumia moyoni, karudi na jamvi lake: kila asubuhi, kabla ya hesabu, watoto wanakaa na kusema wameamkaje. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Resiato alifoka huku akipima maziwa sokoni Karatu, si mtu wa semina! Mwishowe akaamua: mtoto atahamia kwa bibi yake kule Wasso, na huyo mwalimu akatafute wa kwake.

Alipofika shuleni, watoto walikuwa bado jamvini. Akasimama dirishani. Nareyu alikuwa anasimulia, anacheka, ameegemea bega la mwalimu. Bega la mwalimu! Kisha Resiato akalisikia jina: Lekishon. Jina la marehemu mumewe, ambalo kwao Wamaasai likishazikwa na mwenyewe halitajwi tena.

Akaingia bila hodi. "Mwalimu! Hayo ndiyo unayomfundisha mwanangu? Kuita wafu?"

Scholastika akainuka, amefadhaika. "Samahani, Mama Nareyu. Mila hiyo sikuijua. Alianza mwenyewe, mimi nikamsikiliza tu."

"Chukua begi lako," Resiato akamwambia bintiye. "Unampenda mwalimu kuliko mimi. Huko Wasso utamsahau."

Nareyu hakusogea. "Simpendi kuliko wewe, mama."

"Mbona basi yeye unamwambia, mimi huniambii?"

Mtoto akamtazama mwalimu kwa aibu, kisha mama yake. "Yeye hakumjua baba. Nikimtaja, halii. Wewe utalia."

Muda wote huo Resiato alikuwa akimwonea wivu mwanamke aliyepewa hadithi kwa sababu hazimuumizi. Akaketi jamvini na shuka lake, katikati ya watoto wa watu, akamvuta Nareyu mapajani.

"Jina liache," akasema. "Nisimulie alivyokuwa anacheka. Nikilia, usinyamaze."