Tarehe Aliyoondoka Duane

Miaka kumi na minane Rochelle Hudock alisaini fomu za kodi bila kusoma hata mstari. Mumewe Duane humletea karatasi mwezi wa tatu, kazikunja libaki pengo la sahihi tu, na Rochelle husaini huku mkono wa pili ukikoroga supu. Mbuzi kwenye gunia kila mwaka, na gunia halijafunguliwa hata mara moja. Wala si mjinga jamani, ni mpishi wa shule anayelisha watoto mia tatu na hajakosea hesabu ya mikate. Ukimpenda mtu humsomi.

Mwaka huu Duane hayupo nyumbani. Amehamia kwa mama yake tangu kiangazi, na talaka bado. Ndiyo maana Jumamosi Rochelle alikwenda maktaba ya mji, ambako wastaafu huwajazia watu fomu bure. Akaangukia kwa Mzee Ostrander, aliyekuwa dereva wa basi la shule.

"Sikia mama," mzee akasema. "Kisheria bado una mume, kwa hiyo njia ni tatu. Ya kwanza, mjaze pamoja. Inarudisha hela nzuri, ila ukisaini umebeba yote yaliyomo, hata aliyokuficha. Ya pili, ujaze peke yako kama mke wa mtu. Hiyo salama, lakini inauma mfukoni. Ya tatu ndiyo tamu, ujaze peke yako kama mkuu wa kaya, kodi nafuu. Una mtoto?"

"Binti wa miaka tisa. Naishi naye."

"Nyumba anaiendesha nani?"

"Mimi. Pango, umeme, chakula, kila kitu."

"Basi limebaki moja. Mumeo asiwe ameishi humo miezi sita ya mwisho ya mwaka. Julai isimkute. Aliondoka lini?"

Rochelle hakuhitaji kufikiri. "Jumapili ya gulio la kanisa. Nilishinda kibandani nakaanga chapati za viazi. Kurudi nyumbani, kabati tupu."

Na gulio la kanisa lao ni Julai, tangu enzi za babu zao waliochimba makaa ya mawe. Mzee Ostrander akaweka kalamu chini.

"Julai. Pole, mama. Nenda kafikirie kati ya zile mbili, urudi Jumamosi ijayo."

Angeweza kusema Juni, na nani angembishia? Lakini Rochelle uongo haumkai mdomoni, hata akijikaza kisabuni.

Alhamisi ikafika. Ilikuwa Kwaresima, na kila Alhamisi ya Kwaresima wanawake wa parokia hukutana katika jiko la chini ya kanisa kutengeneza pierogi, yale maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa viazi na jibini, ya kuuza Ijumaa. Rochelle alikuwa akifinya kingo. Mbele yake, akisukuma unga, alikaa Dolores Hudock, mama mkwe wake. Tangu Duane aondoke, wawili hao hawakuwa wamezidisha neno juu ya salamu, na Rochelle alikuwa akimwogopa kuliko zamani.

Mlango ukafunguliwa. Duane huyo, theluji kwenye buti, bahasha mkononi.

"Shelly," akamwita Rochelle kwa lile jina la nyumbani, "saini hapa fasta. Gari nimeiacha inaunguruma."

Wanawake kumi na mmoja wakageuza shingo kwa mpigo.

"Ndani mna nini?" Rochelle akauliza.

"Si kodi? Kama kila mwaka."

"Na yale mapaa uliyoezeka ukalipwa mkononi, yamo?"

Duane akacheka kicheko cha mtu aliyeshikwa shati. "We nawe! Ukarani umeanza lini? Ukijaza peke yako utaambulia nini? Huo ukuu wa kaya huupati, niliondoka Julai. Mji mzima unajua, umesema mwenyewe."

Bernadine Sabol, ambaye mdomo wake hauna kufuli, akainama ghafla kutazama viazi.

Rochelle akaifikiria ile hita ya nyumba iliyokuwa ikikohoa tangu Desemba, na binti anayelala na soksi mbili. Akapokea bahasha na kalamu kwa vidole vyenye unga. Alijiona anakaribia kusaini, na akajichukia.

"Haikuwa Julai," akasema Dolores, bila kuinua kichwa.

"Mama, usiingilie."

"Mwaka jana gulio lilikuwa Juni. Parokia tatu, padri mmoja, sisi tukasukumiwa Juni. Mahindi ya kuchoma hayakuwapo, yalikuwa bado shambani, tukauza stroberi. Bernadine, naongopa?"

"Huongopi! Mikono yangu ilikuwa myekundu wiki nzima!" Bernadine tayari alikuwa anapekua droo. Akaibuka na tangazo la zamani lenye doa la mafuta. "Hili hapa. Jumapili, Juni ishirini na mbili."

"Usiku ule ule huyu akaja kwangu na mabegi mawili," Dolores akaendelea. "Nikampa stroberi zilizobaki. Akafagia bakuli zima. Hajatoka mpaka leo."

Rochelle akaziba mdomo kwa kiganja cha unga. Stroberi! Alikuwa amezisahau zote. Uchungu wa siku ile ulikuwa umemmezea hata mwezi wenyewe.

"Mama," Duane akasema, "uko upande wa nani?"

"Wa unga. Unakauka. Nawa mikono ukae, au funga mlango kwa nje."

Rochelle akamrudishia bahasha. "Jaza yako, Duane. Mimi najaza yangu."

Duane alipoondoka, Dolores akarudi kusukuma unga.

"Baba yake nilimsainia miaka thelathini na nane," akasema. "Alipokufa, barua za kodi zikaja kwa jina langu. Nikauliza, jamani, nimefanya nini? Kumbe nilisaini." Akapangusa mikono. "Jumamosi unaenda saa ngapi?"

Walikwenda saa nne, pamoja. Mzee Ostrander akamjazia fomu kama mkuu wa kaya, akamwonyesha pa kuweka sahihi. Rochelle akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti. Dolores alikaa ubavuni, mkoba magotini.

"Huo mstari maana yake nini?" akawa anauliza. Rochelle akawa anamweleza, na asipojua anamgeukia mzee, na mzee anawaeleza wote wawili. Nyuma yao foleni ikaguna.

"Acheni wasome," Mzee Ostrander akawaambia.

Wakasoma mpaka mwisho. Rochelle akasaini, moyo mweupe, mkono umetulia. Dolores akaivuta karatasi karibu, akalitazama lile jina moja.

"Nisomee tena pale juu," akasema. "Pale wanaposema wewe ni nani."