Siku Shangazi Alipoinama

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo, kwa wenye magari na wanaotembea kwa miguu, kwamba Jumamosi moja saa nne asubuhi, katika uwanja wa kiwanda cha mbao, historia ya kunyanyua vitu vizito ilibadilika. Ilibadilika kwa muda wa dakika kumi na moja. Baada ya hapo ikarudi ilivyokuwa, ila kibanda cha mlinzi hakikurudi.

Shujaa wa habari hii ni Babu, dereva wa trekta kwa miaka arobaini na mmoja. Wengine ni mwanawe, ambaye watu wote humwita Fundi, na trekta lenyewe, ambalo Babu alilipa jina la Shangazi kwa kuwa lilikuwa na sauti kubwa, halikupenda kuamshwa mapema, na likishaanza kazi hakuna aliyethubutu kukaa bure. Alikuwepo pia binti wa Fundi, aliyekuwa nyumbani kwa likizo kutoka shule ya bweni: mtoto mpole, mwenye adabu, mpenda vitabu. Huyo hahusiki na lolote. Ametajwa ili hesabu ya watu itimie.

Shamba lilikuwa limekwisha. Kipande baada ya kipande kilijengwa nyumba, mpaka Shangazi akabaki amesimama nyuma ya jiko, kuku wakitaga chini ya kiti chake. Kila asubuhi Babu alimpangusa taa, akampima oili, kisha akarudi ndani kukaa upandeupande. Shingo yake ilishazoea hivyo. Miaka yote ile mwili wake ulikwenda mbele huku macho yakilitazama jembe nyuma, juu ya bega la kulia. Hata mezani, ukitaka Babu akusikilize vizuri, ulikaa nyuma yake.

Ndipo Bosi wa kiwanda cha mbao aliposema anataka foklifti kubwa ya kubebea magogo. Kama Fundi angeweza kuitengeneza kutoka kwa trekta lile, angeikodi pamoja na dereva wake.

"Amesema pamoja na nani?" Babu aliuliza.

"Na dereva wake, Baba."

"Hebu sema tena."

Fundi akasema tena. Babu akaenda kuwafukuza kuku.

Kazi ilichukua wiki tano. Asiyejua atadhani unachomelea tu meno mawili ya chuma kwenye pua ya trekta, ukaondoka. Hapana. Magurudumu ya mbele ni madogo, yatalala chini ya mzigo. Meno hukaa nyuma, kwenye magurudumu makubwa, yakipanda na kushuka kwenye mlingoti wa chuma, halafu kila kitu kinageuzwa kuufuata mlingoti huo. Kiti kinatazama kulikokuwa nyuma. Usukani unahama, pedali zinahama. Difu, lile bakuli la gia katikati ya magurudumu makubwa, inafunguliwa na gia kubwa ya ndani inahamishiwa upande wa pili, ili gia zote za kwenda mbele ziende kinyume. Upande wa injini, ambao sasa ndio nyuma, unabebeshwa sanduku la zege na vyuma chakavu, mashine isije ikaanguka kifudifudi. Kwa ufupi, Shangazi aligeuzwa kama shati lililovaliwa nje ndani.

"Sasa kazi yako utaitazama usoni," alisema Fundi kutoka chini ya difu, miguu yake tu ikionekana.

"Na shingo yangu je?"

"Shingo itastaafu."

"Istaafu yenyewe. Mimi niacheni."

Babu alikaa kwenye kile kiti kilichogeuzwa siku nzima, injini imezimwa, akiifundisha mikono yake upya. Kulikuwa na liva mbili, vyuma vya kushika kwa mkono. Ya kushoto ilinyanyua na kushusha. Ya kulia ililaza mlingoti: ukiivuta, mlingoti unalala kuja kwako na magogo yanatulia; ukiisukuma, unainama mbele na magogo yanateremka. Babu aliimba kama mtoto wa darasa la kwanza: "Vuta, njoo. Sukuma, nenda." Ijumaa mchana alinyanyua magogo mara tatu bila kosa. Alishuka akitembea kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Kesho nitaanza mimi, meno yakiwa matupu," alisema Fundi, "nimwonyeshe Bosi inavyocheza." Akamgeukia binti yake aliyekuwa anachungulia. "Kaa mbali, msomi. Hapa ni chuma, si insha."

Binti akakaa mbali, kwa adabu.

Jumamosi Babu alivaa koti lake la sherehe. Bosi alikuja na wafanyakazi wake, wakajipanga mbele. Fundi akaweka mguu kwenye ngazi, akasita, akashuka. Akakipangusa kiti kwa mkono wa shati lake.

"Panda wewe, Baba. Kiti ni chako."

"Na tusicheze na meno matupu," alisema Bosi. "Mwekeeni magogo."

Babu akapanda. Meno yakaingia chini ya magogo matatu, kila moja nene kama pipa. Akavuta liva ya kushoto, magogo yakapanda, watu wakapiga makofi. Kisha akashika ya kulia.

Shangazi akainama. Aliinama taratibu, kama anayesalimia wakubwa. Babu akaikaza liva, naye akazidi kuinama. Magogo yakateleza, yakaanguka, watu wakaruka pembeni, nayo yakabingirika uwanja mzima na kukilaza chini kibanda cha mlinzi. Mlinzi alikuwa amekwenda kunywa chai. Redio yake iliendelea kusoma taarifa ya habari chini ya mabati.

Fundi alikimbia. "Baba, umesukuma?"

Babu aliutazama mkono wake kwa muda mrefu. Mkono ulimwambia umevuta. Lakini magogo yalikuwa pale chini, watu wote wanayaona. Na katika mashine ambayo kila kitu kimegeuzwa, kilichobaki bila kugeuzwa ni kichwa chake tu.

"Nimesukuma," alisema.

Akazima injini, akashuka kwa kinyumenyume, ngazi moja moja. Watu walipokuwa wakiinua mabati, yule binti mpole alionekana akitambaa chini ya mlingoti, akitafuta kalamu aliyoiangusha. Wasomi ndivyo walivyo. Baadaye Fundi alizijaribu liva zote mbili, zikafanya kazi sawasawa.

"Mashine ni nzuri, mzee wangu," Bosi alimwambia Babu polepole. "Naichukua. Dereva nitatafuta kijana."

Kuanzia siku ile Babu alikaa akitazama mbele, kama abiria. Buti zake za kazi alimpa jirani. Asubuhi Shangazi alipounguruma kule kiwandani, Babu alifunga dirisha. Alianza kukosa imani na vitu vidogo: alisimama mlangoni akiutazama ufunguo, akauliza unazungushwa upande gani. Vifungo vya shati alivianza, akavifungua, akavianza tena.

Siku ya mwisho ya likizo alikuwa kwenye bomba la uani, mkono juu ya koki, haifungui. Mjukuu wake alipita na ndoo.

"Nifungulie, mama. Mimi siku hizi nageuza mambo."

"Babu, mkono wako hauna kosa. Siku ile ulivuta."

"Nilisukuma. Nimemwambia kila mtu."

"Ulivuta, Babu. Nakwambia ulivuta."

Babu akageuza shingo, ile ya zamani, juu ya bega la kulia.

"Wote mlikuwa mbele, na magogo yalinikinga. Hata baba yako hakuuona mkono wangu. Wewe uliuonaje?"

Ndoo ikawekwa chini.

"Nauliza, mama. Uliuonaje?"

Sikuuona. Niseme tu, kwa kuwa nimeishiwa na mbinu: yule mtoto mpole, mwenye adabu, ni mimi. Ijumaa jioni niliipachika kinyume mipira miwili ya kupitishia mafuta ya ile liva ya kulia, ili ukivuta iwe kama umesukuma. Inachomekwa kwa mkono, kazi ya dakika moja. Nilitaka Shangazi amwinamie Bosi, meno yakiwa matupu, baba akiwa kitini na majivuno yake, nipate cha kuwasimulia wenzangu bwenini muhula mzima. Babu alipopanda ngazi nilikuwa na nafasi ya kupiga kelele. Niliogopa kuchapwa, nikanyamaza. Baadaye nikairudisha mipira mahali pake. Kalamu haikuwepo.

Babu hakunipiga.

"Kamwambie baba yako," alisema.

Nilimwambia. Baba akamwambia Bosi. Bosi alisikitika kweli, lakini yule kijana, alisema, ameshaizoea mashine.

Niliporudi uani, Babu alikuwa bado pale pale. Alishajua sasa kwamba alivuta. Akaupeleka mkono kwenye koki, ukasimama hewani, akanitazama.

Nikamfungulia maji.