Esansi ya Rodezia mu mafuti ya mawese

Bamama bote muko na batoto bashofere, musome hii, hata kama mi nilifika darasa ya ine tu kwa bamaseri ba misioni.

Mwanzo ya mwaka hii ya 1956 mutoto wangu Barnabé alikuwa anaongoza kamyo ya Mugreki mumoja wa hapa Kolwezi. Alikuwa na bibi yake Henriette, batoto batatu, na nyumba ya matofali, ile unapewa na kazi na unaitoka siku moja na kazi. Nilikuwa naogopea ile nyumba kama yai mu mukono ya mutoto.

Halafu Tata Tshilombo akatuingilia. Mutu wa miwani, kazi yake kupeleka mawese mu mafuti, ile mapipa ya chuma, ku Rodezia, kwa bandugu zetu ba Kasai banaochimba kule. Alikaa mu kiti yangu, akakula bukari yangu, akatufundisha kama padiri. Huku, akasema, kila bido ya esansi, petroli ya kamyo, Serkali inatia kijiko yake ya kodi kwanza. Kule Rodezia Baingereza bako na kijiko kidogo. Esansi ni ile ile. Mupaka tu njo inaipandisha bei. Mujinga ananunua huku.

Nikasema basi Barnabé ajaze tanki ya kamyo ku Solwezi, kule Rodezia, kama bazungu banafanya kila siku ya posho. Hakuna mutu wa duane, ile kodi ya mupaka, anapima tanki. Tshilombo akasema tanki ni muchezo ya batoto. Yeye alitaka mafuti sita.

Akili yake njo hii. Mafuti itarudia sawa mawese iliyokosa wanunuzi. Ndani esansi, juu yake mawese kidogo, upana wa kidole. Mutu wa duane atafungua, ataona nyekundu, atafunga. Juu mafuta inaelea, kila mwanamuke anajua.

Nikaacha kuosha sahani. "Tata, mafuta inaelea juu ya maji. Mi nafua nguo za kazi za Barnabé. Mawese ikishika kitambaa, sabuni inashindwa. Natia esansi kidogo, mawese inayeyuka yote. Itaelea namna gani?"

Tshilombo akacheka mpaka miwani ikaanguka mu bukari. "Mama Ntumba, ile masomo ulipata ku beseni?"

Barnabé naye akacheka. Ile ya mutoto wangu njo iliniuma.

Pa mupaka, kamyo ikirudia na mafuti sita, Louis, karani wa duane, mutu tunasali naye, alifungua futi ya kwanza. Ni yeye alinielezea. Nyekundu hakuiona. Aliona maji-maji ya rangi ya chungwa, nyepesi kama chai ya mugonjwa, na harufu ilifanya bashofere ba nyuma bazime sigara. Akauliza ni nini. Barnabé akajibu ni mawese.

"Mawese ya wapi inanuka garaji?"

Mustari muzima ukacheka. Ku karatasi kulikuwa sahihi ya shofere peke yake. Tshilombo, bakamwita, akaapa kama mafuti yake ilienda na mawese safi, bitu batu balitia kisha, yeye hajue. Bakamwamini, si alikuwa na miwani.

Barnabé alipata miezi sita. Mugreki alipata shofere mwingine mbele ya yenga kuisha, siku saba tu, na Henriette akatoka mu ile nyumba na godoro ku kichwa. Sasa tunalala batano mu chumba yangu, na batoto banauliza baba atarudia siku gani.

Mungezania Tshilombo anajificha. Siku ya mungu iliyopita nilimukuta kwa Mama Mbayo, amekaa, anakula, anafundisha Kisimba, mutoto wa Mama Mbayo, mwenye permis ya kuongoza ya mwezi moja. Anasema sasa ameelewa kosa. Kosa ilikuwa mawese. Safari hii atatia asali.

Mama Mbayo, mi nimejaribu mu kikombe ya esansi, Henriette anaona: asali ilishuka chini kama jiwe.