Kukanyaga Mkia

Watu wa mji wetu wa Bell watakwambia kwamba Coy Maddux alivunjwa mguu na mwanamke. Waongo. Mimi ndiye wa kuulizwa, maana dirisha la jikoni kwangu linatazama ua wa Ardith, na siku yenyewe hata dirishani sikuwepo, nilikuwa mle mle gerejini, mikono imejaa grisi. Mimi nauza maharage ya pilipili, meza zangu hazikai tupu, na kila anayekalia kiti anataka nianze na damu. Damu itakuja. Tuanze na gari.

Gari lilikuwa la Lowell, mume wa Ardith na mdogo wake Coy. Ford ya mwaka ishirini na tisa, haina paa, haina madigadi, injini ya silinda nane imechomoza mbele kama pua ya mlevi. Lowell alilivua nyuma yote ili alijenge upya kwa ajili ya mashindano ya mbio kwenye ziwa kavu, ndipo akaitwa vitani, na kisiwa cha Okinawa kikambakiza kaburini. Gari likabaki limekalia vigogo, na vita ikaisha likiwa pale pale. Coy akaanza kulitamani.

"Damu ni damu, Nettie," ananiambia mdomo umejaa mkate wa mahindi. "Yule mjane kesho ataolewa tena. Gari la mdogo wangu liendeshwe na nani, muuza soksi?"

Ardith naye hakuwa mtu wa kuonewa kirahisi. Vita nzima alikuwa kwenye kiwanda cha ndege, anachomelea mabawa. Alisema gari ni lake na atalimaliza mwenyewe. Maneno yakawa maneno mpaka yakafika kwa Bibi Zella, mama yao Coy na Lowell, aliyetoka Oklahoma enzi za ukame na vumbi na watoto juu ya lori, wawili akawazika njiani. Huyo akisema, ukoo unanyamaza.

Akasema: "Gari linalosimama kwa magurudumu yake ni la aliyelisimamisha. Linalokalia vigogo ni la ukoo. Jumamosi king'ora cha mchana kikilia nitakuja kuangalia."

Kilichobaki kilikuwa nyuma tu, lakini nyuma ndiko kwenye kazi. Gari la namna ile nyuma lina springi moja peke yake, vibamba vya chuma vimelaliana, imelazwa kukingama kutoka gurudumu hadi gurudumu, imepinda kama upinde wa kuwindia. Unaifunga katikati kwenye chesi, yaani fremu ya gari. Halafu inabidi uinyooshe mpaka masikio yake mawili yazifikie pingu, vile vyuma vya kuiunganisha na ekseli, na yenyewe haitaki kunyooka. Unatumia kitanuzi, bomba lenye skrubu katikati na kulabu huku na huku, unakaza, springi inalia, unakaza. Ikishatanuka hivyo, mle ndani mna teke la farasi kumi linasubiri mtu.

Na jambo moja zaidi, kwa sababu bila hilo hutaelewa. Vijana wetu wa magari haya wakifika penye gari linalojengwa hawasemi habari za asubuhi. Mtu anaweka mguu kwenye ncha ya chesi huko nyuma, anakanyaga mara moja, anasikiliza linavyonesa, ndipo anasalimia. Wanaita kukanyaga mkia. Coy alikuwa na ugonjwa huo kuliko wote. Aliwahi kukanyaga gari la kubebea maiti kwenye mazishi ya shangazi yake.

Ardith alikuwa na msaidizi, Emory Fitch, fundi mpole mwenye vidole virefu. Alhamisi Coy akaingia gerejini. Nilimwona toka dirishani, na sufuria nikaliacha liungue.

"Emory, hebu nione mkono," anasema, kama anayetaka kupiga ramli.

Emory akacheka, akautoa. Coy akauingiza kwenye jiliwa ya mezani, lile bano la kushikia vyuma, na kuzungusha mpini. Alizungusha polepole. Nilisikia ule mlio kutoka kwangu, na kati yetu kuna ua, uzio na redio inayoimba. Ardith akamrukia na tupa, akamchana shavu hadi kwenye taya. Coy akamgonga ngumi moja tu ya mdomo. Nilipofika, Emory alikuwa amepiga magoti bado amenaswa, anatapika, na mimi ndiye niliyefungua jiliwa. Vidole vitatu vilikuwa bapa kama biskuti.

"Mwambie shemeji yangu atafute fundi mwingine," Coy akanambia, damu inamtiririka shingoni. "Kama yupo anayetaka."

Hakuwepo. Wote walionisifia maharage yangu mwaka mzima, wiki ile wakawa na mikono inayouma.

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi nilifunga mgahawa, nikaenda mwenyewe.

"Nettie, wewe hujui hata spana," Ardith akasema. Mdomo wake ulikuwa umevimba, maneno yanatoka nusu nusu.

"Najua kushika kinachoshikwa. Sema."

Tuliifunga springi kwenye chesi. Tukasukuma ekseli chini yake juu ya jeki. Akatia kitanuzi, akaanza kukaza, mimi nikipandisha jeki anaponiambia. Chuma kilitoa sauti kama mlango wa kaburi. Alinionya mara kadhaa: "Kaa ubavuni. Nyuma yake hakai mtu, hata paka."

Masikio ya springi yalikuwa yamebakiza upana wa kidole kufikia pingu Coy alipoingia. Alishika chuma cha kung'olea matairi, na bandeji shavuni. Harufu ya pombe ilitangulia.

"Bado kwenye vigogo," akasema.

"Toka, Coy. Springi imetanuliwa."

"Naona. Nina macho." Akaangalia saa yake. "Shem, unatia huruma. Lowell angekuona ulivyo na grisi mpaka masikioni angeomba afe tena."

Ardith akainamia skrubu. Aliendelea kukaza. Nafikiri hilo ndilo lililomchoma Coy, maana akakitupa kile chuma kwenye rafu, makopo yakaanguka, na bado yule mwanamke hakugeuka. Coy akasogea nyuma ya gari. Sikuona dalili kwamba alikusudia kuharibu. Niliuona uso wake: ulikuwa uso wa mtu anayetaka kusema neno la kejeli, na kabla ya neno mguu wake ukapanda wenyewe, kama ulivyopanda kwenye magari yote ya maisha yake, akakanyaga mkia.

Chesi ikayumba juu ya vigogo. Jeki ikahama. Kulabu moja ikachomoka.

Sikuliona bomba likiruka. Nilisikia mlio kama wa bunduki ndani ya pipa, na Coy akawa sakafuni, mguu wa kulia umekunjika pale ambapo Mungu hakuweka goti. Mfupa ulikuwa umetoboa suruali. Alifungua mdomo na sauti haikuja, kisha ikaja yote.

Ardith alimfunga mkanda juu ya jeraha, akaukaza kwa bisibisi mpaka damu ikapungua. Mimi nikakimbia kwangu kupiga simu ya hospitali. Niliporudi nilimkuta ameshaokota bomba, amelitia tena.

"Ardith," nikasema.

"Wanakuja?"

"Wanakuja."

"Basi pandisha jeki."

Coy akajikokota, akamshika kifundo cha mguu na kuvuta. Ardith akaanguka, kidevu kikagonga ekseli. Akainuka na nyundo. Alimpiga kwenye kiwiko, mara ya kwanza mkono haukuachia, mara ya pili ukaachia. Hakumtukana, hata pumzi haikumpanda. Akarudi kwenye skrubu, damu ya kidevu inadondoka juu ya chuma, anakaza.

Hapo ndipo palipotokea kitu ambacho mezani kwangu hawakiamini. Springi ilikuwa inalia, pingu ya kushoto haikubali kuingia, Ardith anaisukuma kwa kiganja, na yule mtu pale chini, mweupe kama unga, meno yanagongana, akasema:

"Imelala. Inua ekseli upande huo kwanza."

Ardith akaacha kusukuma.

"Inua kidogo tu," Coy akasema, amefumba macho. "Lowell naye alikuwa anakosea hapo hapo."

Nikainua. Pingu ikaingia kama ufunguo. Akapiga bolti, akahamia kulia, akapiga bolti. Tukafunga magurudumu, tukaondoa vigogo kimoja kimoja. Gari lilishuka, likapumua, likasimama. Namna lilivyokaa, chini chini, tako karibu na ardhi, hata mimi niliyeolewa mara mbili sikuwahi kuona kitu kizuri hivyo.

King'ora cha kiwanda cha matairi kikalia. Bibi Zella alikuwa tayari mlangoni, na kofia yake ya kanisani.

Akamtazama mwanawe. Akatazama bomba.

"Ulikanyaga?"

"Nilisahau, Mama," Coy akasema.

Bibi akamvuka. Sisemi kwamba alimzunguka, alimvuka, akapandisha kiatu chake cha ngozi nyeusi kwenye mkia wa chesi, akakanyaga. Nyuma ikaenda chini, ikarudi juu, ikatulia. Ving'ora vya hospitali vilikuwa vinasikika barabarani.

"Gari ni lako," akamwambia Ardith.

Kisha akamzaba kofi. La mkono mzima, la mtu aliyechimba makaburi kwa mikono ile ile. Mdomo uliokuwa umeanza kupona ukapasuka upya.

"Na hilo ni kwa sababu ulikaza bolti kwanza, mwanangu akiwa sakafuni."

Ardith akajifuta kwa mkono wenye grisi. "Ndiyo, Mama," akasema, akaenda kufungua lango ili wenye machela wapite.