Glasi ya Chiriku

Baba Chiriku alikuwa fundi, hilo halina ubishi. Mpe glasi, mpe jagi, mpe kioo cha mlango, atakuchorea ua, jina la bwana harusi, hata sura ya bosi anayestaafu, na bosi atatoka mzuri kuliko alivyo. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba. Upande mmoja mashine ya leza, upande wa pili sanduku la kupigia mchanga, ule unaorushwa kwa upepo mkali ukakwaruza kioo, lenye glovu ndefu za mpira zinazoning'inia kwa ndani. Lakini mtu anaweza kuwa fundi wa vyote hivyo na bado asijue kinachoendelea nyumbani kwake mwenyewe.

Chiriku alikuwa binti yao, mmoja tu, na jina hilo alilipata kwa sababu ya mdomo. Mtoto yule aliongea, jamani! Aliongea akila, aliongea akiogeshwa, na alimgombeza baba yake kwamba mashine zake zina kelele, mtu hajisikii anachosema. Homa ilimshika ghafla. Jioni ile mama yake alimwogesha, akampaka mafuta mwili mzima, na kabla hawajatoka kwenda hospitali mtoto akaomba maji. Akanywa nusu, akairudisha glasi mezani.

"Msiyamwage," akasema, "nikirudi namalizia."

Hakurudi.

Tangu hapo mama yake akaishiwa maneno. Alipika, alifua, aliitikia salamu, basi. Ile glasi aliiweka juu ya kabati la vyombo, haioshi, haisogezi, hataki mtu aiguse. Maji yalikauka yenyewe. Jua likiingia dirishani alivuta kiti akakaa kuitazama, na mumewe akipita mlangoni moyo ulimuuma. Alimpenda mkewe, tusimwonee. Alitamani amsikie tena akimwita, akimfokea, lolote lile. Na alipowaza, aliwaza kifundi: ile glasi tupu ndiyo inayommaliza mke wangu, nikiichora kitu cha mtoto angalau atakuwa na cha kutazama.

Na kitu alikuwa nacho. Kwenye ukuta wa chumba cha kazi Chiriku aliwahi kuchora kuku kwa chaki, kuku mwenye miguu minne.

"Kuku ana miguu miwili, mama," baba yake alimwambia.

"Huyu anakimbia," akajibiwa, na kesi ikaisha hapo.

Basi siku mkewe alipokwenda kumjulia hali dada yake, Baba Chiriku akaishusha glasi. Leza aliikataa mapema. Glasi nyembamba za nyumbani hupasuka kwa lile joto, na hii ikipasuka hakuna nyingine. Akaamua kuipiga mchanga, na kazi ya mchanga ina taratibu zake. Glasi nzima unaivalisha stika, unakata mchoro kwa kisu, unabandua pale unapotaka mchanga uchimbe, kwingine kote panabaki salama. Ila stika haishiki penye mafuta. Kwa hiyo kwanza unaiinua glasi kwenye mwanga uone uchafu uko wapi, halafu unaifuta kwa spiriti.

Akaiinua. Akaona alama za vidole, nne upande huu, ya dole gumba upande wa pili, ndogo ndogo, zimetulia.

Sasa wewe mtu, hukujiuliza? Hata kidogo? Hakujiuliza. Miaka yote alama za vidole zilikuwa adui wa kazi yake, na mikono ilishazoea kuziondoa yenyewe huku akili iko kwingine. Siku hiyo akili ilikuwa kwa kuku. Akalowesha kitambaa, akafuta. Ile ya dole gumba ilikuwa sugu. Akaipulizia pumzi, haa, akasugua mpaka glasi ikalia.

Kuku alitoka kama alivyo ukutani, miguu minne, shingo imepinda, jicho limeshinda kichwa. Baba Chiriku akaisuuza glasi mchanga ukatoka, akalia peke yake, akajifuta kwa mkono wa shati. Alijiona amefanya jambo la maana.

Mkewe aliporudi alimkuta amesimama sebuleni, glasi mikononi, kitambaa cha kazi bado kiko begani.

"Nimekuandalia kitu, mke wangu. Hebu tazama."

Mkewe hata hakumtazama huyo kuku. Aliipokonya glasi akakimbilia dirishani, akaigeuza juani huku na huku.

"Umeifuta?"

"Lazima uifute, si unajua, stika haishiki..."

"Nakuuliza umeifuta, Baba Chiriku?" Sauti ikapanda. "Vidole vyake vilikuwa hapa! Mafuta nilimpaka mimi kwa mikono yangu, akashika glasi, vidole vikabaki. Mwanangu hakuniachia kingine. Nilikuwa nakaa naye hapa, wewe ukidhani natazama glasi!"

Alitaka kumsikia mkewe akiongea. Haya, ndiyo hayo.

Baba Chiriku akakaa kwenye kile kiti. "Niliviona," akasema. "Niliviona vyote. Nikadhani ni uchafu."

Mkewe akaiweka glasi mezani, akajishika kichwa. Na yule baba wa watu, kwa kutojua afanye nini, akanyoosha mkono akaishika glasi taratibu, vidole vinne huku, dole gumba kule. "Vilikaa hivi," akasema. "Vilikuwa hapa na hapa."

"Kwani mimi sijui vilipokuwa?"

Akaachia. Pale pale palipokuwa na vidole vya mtoto zikabaki alama zake yeye, kubwa, nene, zimeenea mpaka kwenye miguu ya kuku. Aibu ikamjaa. Mkono ukaenda wenyewe begani, ukavuta kitambaa.

Mkewe akamdaka kiganja.

"Acha," akamwambia. "Umeshafuta vya kutosha."