Chupa ya Habasoda

Mansour aliiamini mahakama kupita kiasi. Tangu majaji wa Afrika Kusini waseme kwamba mtu mzima akitumia bangi kwake si mhalifu, alitembea mtaa mzima wa Observatory, Johannesburg, kifua mbele, utadhani kesi kashinda yeye. Mkewe, Zubeda, alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Mikono ilimtetemeka, miguu ikamkakamaa, na ni matone machache ya mafuta ya bangi yaliyomrudisha kwenye cherehani. Sasa mama yake alikuwa hoi kitandani huko Tanga, na Zubeda alitaka kumwona. Bila mafuta asingefika hata kituo cha basi bila kushikwa mkono.

Wakachukua barua ya daktari, wakamwendea Arlène, Mkongomani wa Lubumbashi aliyewasaidia wageni katika mambo ya sheria.

"Korti ilisema mu nyumba yako, mama, en privé, faragha," alisema Arlène. "Ile basi ya kwenda Tanga haiko nyumba yako. Na hii barua ya daktari inaeleza ugonjwa tu. Kule kwenu watakufunga nayo mu mukono."

Mansour hakukubali kushindwa. Jioni aliyamimina mafuta kwenye chupa ya habasoda, ile dawa ya mbegu nyeusi, akaja nayo sebuleni akijichekea.

"Mama Nusaiba, nani atamuuliza Mwislamu habari ya habasoda yake?"

"Mpakani hawataniuliza," Zubeda alisema. "Nyumbani je? Habasoda imetoka Johannesburg, umeona wapi ikanywewa na mtu mmoja? Mama ataomba kijiko. Shangazi ataomba. Mzee Shehe wa nyumba ya pili atakuja na kikombe kabisa."

Mansour aliangua kicheko. Zubeda naye alicheka, kisha machozi yakamtoka. Hakulia kwa kuogopa jela. Miaka yote hiyo alikuwa akimdanganya mama yake kwenye simu kwamba amepona, na bila mafuta mama angemwona alivyo. Aliona aibu, na uso wa mama ulimtisha kuliko askari yeyote wa mpakani.

Alimrudishia mumewe chupa, akapiga simu.

"Mama, nakuja. Lakini sikupona. Nilikuwa nakuficha. Utaniona natetemeka."



"Mimi mwenyewe siku hizi hata kikombe kinanishinda," mama alisema. "Nami nilikuwa nakuficha. Njoo mwanangu, tutetemeke wote."