Kwetu Hakuna Kipofu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda stoo ya Ndung'u kukagua mahindi, Wangila alimtungia mama yake sindano. Bilha alikuwa mshonaji wa sare za shule pale Kitale, na macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Kijana alilamba ncha ya uzi, akaupenyeza mara moja, kisha akamtania: "Fundi gani huyu haoni tundu?"

Asubuhi hiyo uzi ulipita kando. Akaulamba tena. Ukapita kando tena.

"Haya, leo fundi ni nani?" Bilha akacheka.

Wangila hakucheka. Alifunika jicho moja kwa kiganja, akalifunua, akafunika la pili.

"Mama," akasema polepole, "nikikuangalia na hili la kushoto, huna uso."

"Wacha mchezo."

"Naona leso yako. Naona mlango. Uso ndio hakuna."

Hakusikia maumivu yoyote, na hilo ndilo lililomtisha Bilha zaidi. Kitu kinachouma mtu hujua pa kukishika.

Kufikia wakati wa kupalilia, jicho la kulia nalo lilifuata. Wangila akapitisha gunia la mahindi yaliyooza, na Ndung'u akamwambia apumzike nyumbani. Mtaani hakuna aliyehitaji kuuliza. Mwaka uliotangulia redio ilikuwa imetangaza watu waliokufa na kupofuka huko Nairobi kwa pombe ya kumi-kumi, na tangu hapo kijana akipoteza macho jibu lilikuwa tayari. Wenzake walimwita kutoka kibandani: "Wangila! Si ungetuachia hata kidogo, bana!"

Baba yake, Wamalwa, alikuwa mzee wa kanisa, na maneno hayo yalimchoma.

"Jumapili utasimama mbele ya kanisa utubu," akamwambia. "Usipotubu, utafute pa kulala."

"Nitatubu nini, Baba? Mimi hata busaa sijaonja."

"Kumbe macho yalikunywa peke yao?"

Bilha aliomba jambo moja tu: daktari kwanza. Wamalwa akakubali, maana alitaka kusikia daktari akilitaja neno hilo la pombe.

Daktari Kimaiyo, mwanamke mwenye sauti ya chini, alimulika macho ya Wangila kwa muda mrefu. Kisha akauliza ni jicho lipi lililotangulia, na la pili lilikawia kiasi gani.

"Kama miezi miwili," Wangila akajibu.

"Pombe mbaya haifanyi hivyo. Ile hushika yote mawili kwa pamoja, tena kwa siku chache." Akawageukia wazazi. "Kuna kijana mwingine wa familia aliyepoteza macho namna hii?"

"Kwetu hakuna kipofu," Wamalwa akasema, kifua mbele. "Uliza hadi babu wa babu."

"Sikuulizia kwako, Mzee. Nauliza upande wa mama."

Bilha aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa kwa jina mahali asipojulikana.

Daktari akaeleza. Ndani ya kila chembe ya mwili, alisema, kuna vitu vidogo sana viitwavyo mitokondria, kama mashine za posho: vinasaga chakula kiwe nguvu. Vina maagizo yao wenyewe ya urithi, na mtoto huvipata kwa mama. Baba hampi. Maagizo hayo yakiwa na kasoro, mara nyingi mwili hustahimili, lakini mshipa unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo unakula nguvu nyingi, nao ndio hufa kwanza. Huwapata zaidi vijana wa kiume. Mama anaweza kuwa nayo maisha yote asijue.

"Kipimo chenyewe hapa hatuna," akamalizia. "Damu ingepelekwa nje ya nchi. Lakini nikimwona mjomba mmoja tu mwenye macho kama haya, nitaandika kwa mkono wangu kwamba si pombe. Mama, yuko?"

Wamalwa alikuwa akimtazama. Wangila naye aligeuza uso upande wa mama yake, akamwangalia kwa pembeni, maana katikati hakuona kitu.

"Hakuna," Bilha akasema.

Usiku hakulala. Mjomba alikuwepo. Alikuwa Malakisi, na jina lake ni Wabwile, kaka yake wa tumbo moja. Macho yake yalizimika akiwa kijana, mwaka uleule wazee wa akina Wamalwa walipokuwa wanakuja kuchunguza ukoo kabla ya posa. Baba yao aliwaita watoto ndani akafunga mlango. Kipofu kwenye ukoo, alisema, hakuna atakayewaoa wasichana wa hapa. Lakini mlevi? Kila boma lina mlevi wake. Basi ikasemwa kwamba Wabwile alikunywa chang'aa mbaya. Bilha alijua kwamba kaka yake hakuvumilia hata harufu ya pombe. Alinyamaza, akaolewa, na tangu hapo Wamalwa alimhesabu Wabwile mlevi, si kipofu wa ukoo.

Asubuhi alisema anapeleka sare Bungoma. Akaenda Malakisi, akamkuta Wabwile amekaa nje ya nyumba ya kukaushia tumbaku, akifunga majani kwenye fito kwa vidole. Nywele zilikuwa nyeupe.

"Nani huyo anahema bila kubisha?"

"Ni mimi. Bilha."

Vidole vikasimama. "Bilha wa Kitale! Nani amekufa?"

"Hakuna. Ni Wangila wangu. Macho."

Alimweleza yote: uzi, jicho moja kisha la pili, mashine zile ndogo, urithi wa mama. Fito ilimteleza Wabwile mkononi, majani yakamwagika, naye hakuinama kuyatafuta.

"Rudia hapo," akasema. "Ati si pombe?"

"Si pombe."

"Dada, mmenisemea mpaka nikaamini. Nilikuwa najiambia, labda kuna siku nilikunywa halafu nikasahau. Nimeomba msamaha kwa Mungu, Bilha! Kwa kitu ambacho sikufanya!"

Bilha alilia. Wabwile alimwacha alie. Kisha akapapasa fimbo yake ukutani.

"Twende. Huyo daktari anione. Lakini kwa mume wako mimi sitafungua mdomo. Nilisema wakati ule, hamkunisikia."

Waliwasili Kitale jioni. Wamalwa alikuwa sebuleni na wazee wawili wa kanisa, wakipanga toba ya Jumapili. Wangila alikaa pembeni, mfuko wa nguo miguuni. Wamalwa alipomwona anayeingia akiwa amemshika Bilha bega, akasimama.

"Mama Wangila, huyu mlevi wa kwenu anatafuta nini hapa?"

"Amekuja... amekuja kutusalimia tu."

Mkono wa Wabwile ukaondoka begani mwake. Akageuka, akaanza kuutafuta mlango kwa fimbo. Fimbo iligonga kiti, ikagonga ukuta.

"Shemeji yako hakunywa," Bilha akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, na fimbo ikanyamaza. "Baba Wangila, hakunywa hata siku moja. Wazee wako walipokuja kutuchunguza tulisema ni pombe, ili unioe. Nilijua, nikanyamaza. Na jana kwa daktari nimenyamaza tena. Mtoto wako hana la kutubu. Ugonjwa huu ni wa kwetu, na kwa Wangila umepitia kwangu."